Kamati Iliyofuta Neno "Hapa"

Kwa niaba ya Mkurugenzi wa Maktaba Kuu, na kwa niaba yangu mwenyewe kama Katibu wa Kamati, nina furaha kuujulisha umma kwamba tatizo la wasomaji kuelewa kurasa zetu za mtandaoni kila mmoja kwa namna yake limekwisha. Sasa wote hawazielewi, tena kwa namna moja. Kazi hii imechukua miezi mitano, vikao ishirini na viwili na biskuti zisizohesabika. Naomba niieleze tangu mwanzo, kwa sababu maneno yamekuwa mengi mitaani, na mengine yanaigusa familia yangu.

Maktaba yetu ina miongozo ya utafiti mia moja na arobaini. Mwongozo wa utafiti, kwa asiyejua, ni ukurasa kwenye tovuti unaomwonyesha msomaji aanzie wapi: asome vitabu gani, aende kabati gani, amwone nani. Huko nyuma kila mkutubi alijiandikia wake apendavyo. Mmoja alipaka kijani, mwingine zambarau. Yule wa kilimo aliweka picha ya ng'ombe wa shangazi yake, tena kwa jina. Watu walikuwa wakiingia, wanapata walichokuja kutafuta, wanatoka zao. Hapakuwa na utaratibu wowote.

Jumatatu moja Mkurugenzi alirudi kutoka kwenye kongamano akiwa na mkoba mpya na macho yanayong'aa. Alitukusanya ukumbini, akapanda jukwaani, akanyamaza mpaka kikohozi cha mwisho kikaisha.

"Ndugu zangu," alisema, "kuanzia leo tunaingia Zama za Usawa wa Kurasa!"

Tulipiga makofi. Mlinzi wa getini alipiga kuliko wote, kwa kuwa alidhani imetajwa likizo.

Siku hiyo hiyo ikaundwa Kamati ya Sura na Mtindo wa Miongozo, watu tisa. Tulikuwa na mkuu wa usafiri, afisa ununuzi, msimamizi wa bustani, mtu wa jenereta na wengine wa uzito huo. Wakutubi hawakuwekwa, ili kuepuka mgongano wa maslahi. Mimi nikawa Katibu, nikakabidhiwa muhuri na rula.

Kikao cha kwanza kilihusu ukubwa wa herufi. Mkuu wa usafiri alitaka ziwe kubwa kiasi cha kusomeka gari likiwa kwenye mwendo. Msimamizi wa bustani alitaka ziachiane nafasi zipate hewa. Kikao cha nne kilihusu viungo, yaani yale maneno ukiyabofya yanakupeleka ukurasa mwingine. Afisa ununuzi alisimama na kusema kwa uchungu kwamba viungo visizidi vitano, maana vikizidi vinaua ladha. Ilituchukua nusu saa kugundua kwamba anazungumzia jikoni. Lakini tulipoitazama upya, hoja yake haikuwa na kasoro. Tukaipitisha: viungo vitano kwa ukurasa, basi.

Kilele kilikuwa kikao cha kumi na tatu, tulipofuta neno "hapa". Miongozo ya zamani ilikuwa imejaa "bofya hapa", "tazama hapa", "anza hapa". Mtu wa jenereta, ambaye kwa kawaida hasemi, aliinua mkono.

"Hapa ni wapi?" aliuliza.

Biskuti zilirudi kwenye sahani.

"Mimi nikisema hapa, najua ni kwenye jenereta," aliendelea. "Msomaji yuko kwake, kompyuta iko kwetu. Sasa hapa ni kwake au kwetu?"

Tulitazamana. Mkuu wa usafiri alipendekeza "pale". Msimamizi wa bustani akasema "kule" lina heshima zaidi. Mkurugenzi mwenyewe, aliyekuwa akipita kwenye korido, aliingiza kichwa mlangoni na kukata shauri. "Andikeni," alisema. "Mtandaoni hakuna hapa." Tukaandika.

Vigezo vilifika thelathini na vitatu. Kichwa cha ukurasa kisiulize; kitamke. Msomaji asiitwe "wewe", aitwe "mtumiaji". Rangi iwe buluu tulivu, na kila ukurasa, hata wa magonjwa ya kuku, ufunguke kwa picha ya Mkurugenzi akitabasamu. Kikao cha mwisho, mama anayetuhudumia chai aliuliza huku akikusanya vikombe, "Na maneno ya ndani je? Hayo nayo mmeyatazama?" Nilimweleza kwa upole kwamba kamati yetu ni ya sura na mtindo. Yaliyomo hayatuhusu.

Ndipo tukamwita Mama Kaunta.

Mama Kaunta ni mkutubi wa dawati la maulizo. Amekaa kwenye kaunta hiyo miaka ishirini na sita, na jina lake la kwenye cheti nadhani hata yeye huwa analitafuta. Mwongozo wake wa ramani za zamani ulikuwa na wasomaji wengi kuliko miongozo mingine yote ikijumlishwa. Uliitwa "Unatafuta ramani ya mtaa wako? Twende." Tuliukagua kwa siku mbili. Ulikosa vigezo thelathini na kimoja kati ya thelathini na vitatu. Viwili ulivyofaulu ni kwamba ulikuwepo na ulikuwa na herufi.

Aliingia akiwa na miwani kichwani na kalamu sikioni, akakaa bila kuambiwa.

"Mama," nilianza, "kichwa chako kinauliza swali."

"Ndiyo. Kwa sababu mtu anakuja na swali."

"Halafu kinasema 'twende'. Twende wapi?"

"Kwenye ramani, mwanangu."

"Nani na nani?"

"Mimi na yeye."

Mkuu wa usafiri aliandika kwenye daftari lake: safari isiyoidhinishwa.

"Hatua ya tatu," niliendelea, "umeandika: 'Ukikwama usione aibu, hata mimi hapa nilikwama, nipigie.' Mama, hii si lugha ya taasisi."

"Ni lugha ya mtu aliyekwama," alisema. Alituangalia mmoja mmoja, watu tisa na sahani ya biskuti. "Kwani ninyi kuna aliyewahi kutafuta ramani?"

Swali hilo halikuwa kwenye ajenda, hivyo halikujibiwa. Mwongozo wake ulipewa jina jipya, "Rasilimali Taswira za Kihistoria za Maeneo ya Makazi: Mkabala Jumuishi", na yeye akahamishiwa ghala la ramani, chini kabisa ya jengo, mahali ambapo Mkurugenzi alihakikisha hawezi kumsaidia mtu yeyote anayetafuta ramani.

Jumanne, saa nne kamili asubuhi, miongozo mipya ilianza kutumika. Saa nne na dakika sita simu yangu iliita. Alikuwa shemeji yangu, mume wa dada.

Sasa hapo lazima nieleze. Nyuma ya maktaba kuna safu ya mafundi cherehani, mashine kumi na moja chini ya paa moja la bati. Wako hapo tangu enzi za baba zao, na mkuu wao ni huyo shemeji. Mkurugenzi alikuwa amependezwa na eneo hilo. Alitaka pawe Bustani ya Tafakuri, yenye benchi moja la kwake, na tayari alikuwa ameiandikia ofisi ya ardhi kwamba mafundi wamevamia kiwanja cha maktaba. Shauri lilipangwa kusikilizwa Ijumaa. Mafundi walikuwa na njia moja tu ya kujitetea: ramani ya kwanza kabisa ya viwanja vya mtaa. Shemeji, ambaye anapima kiuno cha mtu kwa jicho lakini kompyuta anaiona kama nyoka, alikuwa akiitafuta ramani hiyo kwenye simu yake kwa kushikwa mkono na ukurasa wa Mama Kaunta.

"Shemeji," alisema, "ukurasa wenu umekufa."

"Haujafa. Umeboreshwa."

"Jana nilikuwa hatua ya tatu. Mama aliniambia nikimaliza nibofye hapa. Leo hapa sipaoni."

"Mtandaoni hakuna hapa, shemeji."

"Sasa nibofye wapi?"

"Mtumiaji anaelekezwa kwenye rasilimali husika."

"Mtumiaji ndiye nani?"

"Ni... mhusika anayetumia."

"Mimi?"

"Kimsingi."

"Si useme wewe!"

"Tumelifuta pia."

Nyuma yake cherehani zilikuwa zikilia. "Halafu kuna mtu hapa anacheka," alisema. "Nashuka, nashuka, nashuka, bado niko kwenye tai yake. Hivi maneno yanaanzia magotini?"

Nilimshauri aje ajaze Fomu ya Maoni ya Mtumiaji. Alikuja mwenyewe mchana, na utepe wa kupimia shingoni, akaijaza kurasa zote nne, na mimi nikaipokea kwa heshima zote na kumjulisha kwamba majibu hutolewa ndani ya siku sabini za kazi.

"Shauri ni Ijumaa," alisema.

"Ijumaa ya wiki hii?"

"Shemeji, unanitania au ndiyo kazi?"

Niligonga muhuri wa kupokea kwenye fomu yake. Aliondoka bila kuniaga, na mtu huyo ndiye aliyenishonea suti ya harusi.

Dada yangu hakuja. Alipiga simu. Yeye ni mkubwa wangu kwa miaka minane na hapigi simu kuuliza hali.

"Mimi nimekubeba mgongoni," alisema, "ukanikojolea gauni jipya, tena njiani, watu wanaona. Nilikupa fomu?"

"Dada, utaratibu..."

"Nimekuuliza. Nilikupa fomu?"

"Hapana, dada."

Alikata. Nitasema kitu ambacho hakimo kwenye kumbukumbu za kikao: chakula cha mchana siku hiyo hakikupita.

Wakati huo foleni kwenye kaunta ilikuwa imefika barabarani. Watu waliozoea kupata kila kitu kwenye simu walikuwa wamekuja kwa miguu kuuliza kurasa zimekwenda wapi. Mkurugenzi aliwatazama dirishani akatikisa kichwa kwa furaha. "Umeona?" aliniambia. "Miaka yote hii hawakuja. Tumewaamsha!" Aliagiza foleni ipigwe picha, na picha iwekwe kwenye ripoti.

Alhamisi asubuhi shemeji alirudi. Hakuja kwangu. Alisimama kwenye korido amejishika kiuno, na yule mama wa chai, akipita na birika, alimwuliza anatafuta nini. Akamwambia. "Shuka ngazi, shika kulia, mlango wa bati, gonga kwa nguvu maana anasikiliza redio," alisema mama wa chai. Maelekezo hayo hayakukidhi kigezo hata kimoja. Yalimfikisha kwa dakika moja na nusu.

Mama Kaunta alimfungulia, akasikiliza, akavuta droo ya saba kutoka chini. Ramani ilikuwepo. Ilikuwa kubwa kama shuka, mpaka wa kila kiwanja umechorwa kwa wino mwekundu. Waliitazama wote wawili, halafu shemeji akakaa sakafuni na kuanza kucheka mpaka utepe ukamdondoka shingoni.

Lakini ramani kuukuu haipokelewi mahali popote bila nakala iliyothibitishwa, na nakala haithibitishwi bila muhuri wa Katibu na saini ya Mkurugenzi. Hapo ndipo Mama Kaunta alipoonyesha kwamba alikuwa amevisoma vigezo vyetu. Nadhani ni yeye peke yake katika jengo zima aliyevisoma.

Waliingia ofisini kwangu saa sita, yeye mbele, shemeji nyuma akitazama viatu vyake. Mama Kaunta aliitandaza nakala mezani.

"Naomba ukaguzi, Katibu."

Nilichukua rula. Pambizo zilikuwa sahihi. Herufi sahihi. Rangi, buluu tulivu. Hata ule mpaka mwekundu ulikuwa umetulizwa. Kichwa hakikuuliza. Hapakuwa na "wewe" wala "hapa". Na juu kabisa, kwa upana wote wa karatasi, Mkurugenzi alikuwa akitabasamu. Vigezo thelathini na vitatu kwa thelathini na vitatu. Katika miezi mitano sikuwahi kuona kitu kama hicho.

Kisha, kwa bahati mbaya, jicho langu likateleza kwenye ramani yenyewe.

Kiwanja cha mafundi hakikuishia kwenye bati lao. Kiliendelea. Kilipita mahali ambapo leo pana ukuta wa maktaba, kikaingia ndani, kikakata pale palipojengwa mwaka juzi kumwongezea Mkurugenzi nafasi ya ofisi. Niliufuata mpaka wake kwa kidole, nikajua umefika ofisi ya nani, nikaondoa kidole haraka kana kwamba nimegusa pasi ya moto.

Mama Kaunta alikuwa akinitazama juu ya miwani. "Kuna kasoro, Katibu?"

Nilimtazama shemeji. Alikuwa amevaa shati lenye kifungo kimoja kisichofanana na vingine, yeye anayewatafutia watu vifungo vinavyofanana kutwa nzima.

"Ya sura, hapana," nilisema.

"Ya mtindo?"

"Hapana."

"Basi."

"Basi," nilisema. "Yaliyomo si ya kamati." Nikagonga muhuri. Muhuri ulitua ndani ya kisanduku chake.

Mkurugenzi aliipokea nakala kwa mikono miwili. Alianza kwenye picha, na kusema kweli hakufika mbali.

"Nani ameandaa?"

"Mama Kaunta, bosi."

"Unaona!" Aligonga meza. "Ghala limemnyoosha! Hii ndiyo hati ya kwanza katika historia ya taasisi kukidhi vigezo vyote. Itumike kama mfano. Inakwenda wapi?"

"Ofisi ya ardhi, bosi."

"Safi kabisa. Na wao waone watu waliopangika wakoje." Alisaini kwa wino mzito, na chini ya saini akaongeza kwa mkono wake, bila kuombwa: *Nathibitisha kila kilichomo kwa moyo wangu wote.*

Ijumaa afisa ardhi alisikilizia shauri kwenye chumba kidogo chenye feni inayozunguka kwa kufikiria. Alikuwa mwanamke mtulivu anayesoma kila karatasi mara mbili. Mkurugenzi alizungumza dakika arobaini kuhusu tafakuri. Shemeji alipopewa nafasi, alisimama, akasema, "Mimi nina ramani tu, mama," akaketi.

Afisa aliisoma mara ya kwanza. Akaisoma mara ya pili.

"Mkurugenzi, hii ni saini yako?"

"Naam."

"Na haya maneno ya moyo?"

"Yangu."

"Na huyu hapa juu ni wewe?"

"Imetoka vizuri, eh?" alisema Mkurugenzi, akigeuka kuwatazama watu.

"Basi hakuna ubishi," alisema afisa. "Twendeni tukapime."

Tulikwenda wote. Mpima wa ofisi ya ardhi alianzia kwenye jiwe la kona nyuma ya mashine ya kumi na moja, msaidizi wake akivuta utepe. Mafundi walifuata kimya, sindano zingine bado midomoni. Utepe ulifika ukutani. Mkurugenzi akasema, "Nadhani ni hapo." Afisa akasema, "Bado." Wakazunguka, wakaingia kwa mlango mkubwa, wakapita kwenye korido, wakafungua ofisi ya Mkurugenzi. Utepe ulipita kwenye zulia, ukapita chini ya meza, mpima akapotea huko chini, zikabaki kuonekana soli za viatu vyake tu.

"Imeishia wapi?" aliuliza afisa.

"Droo ya tatu," ilijibu sauti kutoka chini ya meza.

Afisa aliandika droo ya tatu kwenye faili lake. Kisha mmoja wa mafundi akatoa chaki yake, ile bapa ya kuchorea nguo, akapiga mstari kwenye zulia, ulionyooka kuliko mstari wowote niliowahi kuchora na rula yangu. Upande wa maktaba lilibaki kabati, chombo cha maua bandia na robo ya meza. Upande wa mafundi kulikuwa na kiti, kiyoyozi, dirisha kubwa, na kwa wakati huo Mkurugenzi mwenyewe.

Dada yangu, ambaye sikujua kwamba amekuja, alipiga kigelegele kwenye korido mpaka foleni ya kaunta nayo ikaitikia bila kujua kisa.

Hukumu iliandikwa wiki iliyofuata. Mafundi hawakutaka kubomoa. Walisema chumba ni kizuri, kina hewa. Walitoboa mlango upande wao na kuingiza mashine nne. Mama Kaunta aliombwa kurudi kwenye kaunta, akakubali kwa sharti la kurudishiwa ukurasa wake kama ulivyokuwa, na ng'ombe wa shangazi naye akarudishwa. Kamati haikuvunjwa. Haijaitwa tu.

Mkurugenzi aliwasilisha maombi rasmi ya kuendelea kukaa kwenye kiti chake. Shemeji aliyasoma, akasema, "Kaa tu, mzee, nani kakufukuza?" Walichomwomba ni asogee karibu na mlango, kwa kuwa pale alipokuwa, pasi ilikosa nafasi.

Jana nilikwenda kuwapelekea suruali iliyoachia mshono. Mkurugenzi alikuwa kitini kwake mlangoni, na tai, mikono magotini. Akaingia mama mmoja na kitambaa cha sare za shule, akasimama mbele yake.

"Samahani, mzee. Anayeshona za watoto ni yupi?"

Mkurugenzi alifungua mdomo. Niliona sentensi ndefu ikimjia. Kisha alimtazama yule mama, jasho na mzigo kichwani, akainuka, akampokea kitambaa.

"Yule wa dirishani," alisema. "Lakini ana wateja wawili mbele yako. Kaa, upumzike kwanza."

Mama akamshukuru, akakaa kwenye kiti cha Mkurugenzi. Yeye akabaki amesimama. Nimefanya naye kazi miaka kumi na moja, na ndiyo mara ya kwanza naona mtu anamwuliza jambo na kupata alichouliza.